Ukakasi

Wiki ya kwanza Salalah, Bwana Kayetano
alinisimamisha mbele ya rafu kama mtoto wa chekechea:
huandikwa Chi, husemwa Ki.
Kianti.
Nikauliza, wingi wake Vianti?
Hakucheka. Mgoa yule hafanyi mzaha na chupa.

Akasema kuna mvinyo mkavu.
Nikatazama glasi, nikatazama kidole changu kilicholowa.
Kwetu Lushoto kikavu ni kuni,
ni koo la mtu aliyeitwa ofisini.
Lakini mkavu, kumbe, ni ule ambao sukari yake
imeliwa yote, haikubaki hata ya kuramba.
Hapo nikaelewa. Nawajua watu wa namna hiyo.

Sinywi. Nilimwambia siku ya usaili,
akanitazama kama fundi viatu
aliyeletewa mteja asiye na miguu.
"Pua unayo?"
"Ninayo."
"Basi tuanze na pua."

Soave: peasi la shambani kwa mama, upande wa ukungu.
Prosecco: tufaha bichi, na povu lenye umbea.
Primitivo: plamu za chini ya kikapu, zilizoiva kupita kiasi,
zile tulizowauzia abiria wa basi la Tanga
kabla hawajawahi kuchungulia.
Barolo: waridi, halafu lami mbichi,
kama Jumapili ile barabara ya Soni ilipowekwa lami
na kanisa zima likanuka maendeleo.
Nyuma ya lami, akasema, kuna ukakasi,
na huko pua haifiki.
Huo nikauazima kwa bibo la korosho
nililokula nikiwa na miaka saba,
ulimi ukavaa soksi ya sufu hadi jioni.

Bei haina harufu, ila ina tabia.
Mgeni asiyejua hushusha kidole hadi chini kabisa,
huona haya, hupanda mstari mmoja.
Ndiyo maana mstari wa pili kutoka chini,
alininong'oneza Kayetano,
ndio tunaoufichia faida.
Chupa ya juu kabisa, riali sitini na nne:
siku kumi na mbili za mshahara wangu
zimefungwa kwa kizibo.

Baba hakujali ladha wala mtindo.
Alichagua kwa bei peke yake,
na bei ikapanda taratibu: kwanza jogoo,
kisha redio, kisha mlango wa jiko.
Aliubeba kichwani mchana kweupe
akiwaamkia watu njiani.
Mwaka mzima mama alipika
moshi ukitoka unavyotaka.

Jana, meza ya sita, mama wa Kiitalia,
mvi zimekatwa fupi, kaja na ndege ya majira ya baridi,
yuko peke yake, akaomba glasi mbili.
Kidole kikashuka kwenye orodha.
Kikafika chini. Kikaona haya.
Nikakiwahi kabla hakijapanda:
"Huu. Wa chini. Una peasi."
"Wewe unaupenda?"
"Mimi nanusa tu."
Akamimina tone mbili katika glasi ile nyingine,
akaisogeza upande wangu,
nasi tukainama, pua mbili, bila neno,
mpaka Kayetano akakohoa kaunta.

Nilipotoka kazini, kibanda cha madafu bado kilikuwa na taa.
Shofikul hugonga dafu kwa mgongo wa panga,
husikiliza, huliacha, hugonga jingine.
Sijawahi kumuuliza anasikia nini.
Baisa mia tano. Nikanywa nimesimama,
tamu, tamu, baridi,
na mwisho kabisa, pale mdomo ulipogusa kumbi,
ukakasi kidogo.